Studio Chumbani: Kijana wa Benaco Achague Programu Ipi ya Kurekodia?

Kijana anapowaendea wazazi wake na kuwaambia kuwa anataka programu ya kurekodia muziki, jambo la kwanza linalowajia wazazi ni gharama, na la pili ni kelele. Hofu zote mbili zina msingi wake. Lakini ipo hofu ya tatu, ambayo aghalabu haitajwi, nayo ni kubwa kuliko hizo mbili: kwamba fedha zitatoka, kompyuta itanunuliwa, programu itaingizwa, na baada ya mwaka mzima hautakuwapo nyumbani hata wimbo mmoja uliokamilika.

Ndugu msomaji, tumeichagua Benaco kuwa kipimo chetu kwa makusudi. Benaco ni mji mdogo wa biashara kando ya barabara kuu iendayo mpaka wa Rusumo, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Jina lake si la Kihangaza wala la Kishubi. Lilitokana na kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyopiga kambi mahali hapo. Dunia ililisikia jina hilo mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wananchi wa Rwanda zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikageuka kuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wakimbizi hao walirejea kwao Desemba 1996. Leo ni mahali pa malori, nyumba za wageni na maduka, na usiku ni mahali pa breki zinazopiga mluzi.

Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Kwa hiyo kijana wa Benaco mwenye wimbo kichwani hawezi kusema atapitia studio jioni akitoka kazini. Ama atajenga studio yake chumbani, ama wimbo utabaki kichwani. Bando la intaneti analinunua kwa kuhesabu. Kompyuta anayoweza kuipata ni ile iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Umeme upo, na hapo jirani maporomoko ya Rusumo yanaendesha mitambo ya megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini kuwa jirani wa mitambo si kinga ya umeme kukatika katikati ya ubeti. Programu itakayomfaa kijana huyo itamfaa pia mfanyakazi wa kiwanda anayeishi Buguruni au Igoma.

Wala asidhani mtu kwamba sauti haiwezi kutoka huko ikafika mbali. Radio Kwizera, ambayo jina lake lina maana ya kutumaini, ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, ili watu waliotawanyika wapate habari na kusikia lugha zao hewani.

TULIKOTOKA

Zamani suala la kuchagua halikuwapo. Tangu miaka ya sitini hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, bendi iliyotaka kurekodi hapa nchini ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. Wanamuziki waliingia studio, na aghalabu walipiga wote kwa pamoja, wimbo mzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Akiteleza mpiga tarumbeta katika kiitikio cha mwisho, wote walirudia. Waliotaka santuri walivuka mpaka kwenda Nairobi. Nyimbo nyingi za NUTA Jazz, na baadaye za Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, zilihifadhiwa katika mikanda kwa njia hiyo, na hadi leo zinasikika vizuri. Mtu anayekuambia kuwa huwezi kurekodi bila programu ya mamilioni, mpe moja ya nyimbo hizo aisikilize.

Katika miaka ya tisini zikaja studio za watu binafsi. Baadhi yake, kama vile MJ Production na Bongo Records, zikapata sifa kubwa kwa muziki wa kizazi kipya. Wakati huohuo mitambo iliyokuwa ikijaza chumba kizima ikaanza kuingia ndani ya kompyuta. Desemba 1997 ilitoka huko Ubelgiji programu iliyoitwa FruityLoops, ambayo leo ni FL Studio, na kwa vijana wengi wa Bongo Fleva hiyo ndiyo ikawa karakana yao ya kwanza. Hata sasa, ukimwuliza kijana mtaani ni programu gani anayoitaka, atakutajia hiyo kabla hujamaliza swali. Na hapo ndipo fedha nyingi zinapoanza kupotea.

UNAREKODI NINI?

Swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni kitu gani kitakachorekodiwa, kwa maana programu hizi zina tabia mbili tofauti kama zilivyo tofauti cherehani na pasi.

Zipo programu zilizoundwa kwa ajili ya kutunga midundo. Humo wakati umekatwakatwa katika visanduku vilivyo sawa. Unaweka ngoma katika kisanduku hiki, besi katika kile, mashine inazungusha, nawe unasikia biti. Sauti ya mtu huja mwishoni, ikipanda juu ya kitu kilichokwisha kupangwa. FL Studio ilizaliwa katika kundi hili, na LMMS, ambayo hutolewa bure, imefuata nyayo zake.

Kundi la pili limerithi kinasa sauti cha mkanda. Humo unaanza na ukimya, unabonyeza kitufe chekundu, unaimba au unapiga, na kila sauti inalala katika njia yake. Gitaa njia ya kwanza, mwimbaji ya pili, waitikiaji ya tatu. Baadaye unapunguza hili, unaongeza lile. Audacity, Reaper na Ardour ziko upande huu.

Mafundi watasema kuwa siku hizi mipaka imefifia, na kila programu inajaribu kufanya kazi zote. Ni kweli. Hata hivyo tabia ya kuzaliwa haifichiki, na programu huuongoza mkono wa mwanafunzi bila yeye kujua. Fikiria enanga ya Wahaya, ala ya nyuzi yenye umbo la hori dogo, ambayo mpigaji wake huimba huku akisimulia. Kisa kinapopamba moto mwendo unaharakishwa. Penye majonzi mwendo unapunguzwa. Mwimbaji huyo ukimwambia afuate visanduku vilivyo sawa, mtakuwa na biti safi, lakini enanga haitakuwamo. Vivyo hivyo kwa kwaya ya kijijini inayovuta pumzi pale mwalimu anapoinua mkono, bila kungoja saa ya mashine. Kijana wa Ngara anayetaka kuhifadhi nyimbo ambazo bibi yake anaziimba kwa Kihangaza hana haja ya kununua mashine ya midundo. Anayetaka kutunga muziki wa kucheza harusini anaihitaji hasa. Kila mmoja akinunua cha mwenzake, wote wawili watasema kuwa kurekodi ni kugumu.

PROGRAMU ZENYEWE

Tuanze na Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na tangu ilipotolewa kwa umma mwaka 2000 haijawahi kuuzwa. Ukishaipakua mara moja haihitaji intaneti tena. Inarekodi sauti, inakata, inaunganisha, inapunguza mvumo wa feni, na inakubali njia nyingi. Haikuundwa kwa ajili ya kutunga midundo, na mtu mwenye njia 20 ataona inamchosha. Lakini kwa kwaya, shairi, mahubiri, hadithi za wazee, au mwimbaji mmoja na gitaa lake, tungemshauri mzazi asitoe hata senti moja kwa kitu kingine kabla mtoto hajaimaliza Audacity.

LMMS nayo ni bure, na inatunga biti. Kasoro yake ni kwamba matoleo yake ya kawaida hayarekodi sauti ya maikrofoni. Dawa ipo, nayo haina gharama: tunga biti katika LMMS, itoe kama faili ya WAV, iingize katika Audacity, kisha imba juu yake. Ni kazi ya kuhamahama, lakini humfundisha mwanafunzi kutofautisha kazi ya mpiga ala na kazi ya fundi sauti.

Sasa FL Studio. Sifa zake ni za haki. Anayeinunua hupewa matoleo yote yajayo bila kulipa tena, jambo ambalo ni nadra katika biashara hii. Toleo la chini kabisa huuzwa dola 99, na hapo ndipo pana mtego ambao muuzaji wa mtaani hatakuambia: toleo hilo halikuruhusu kurekodi sauti ya mwimbaji. Kwa kazi hiyo lazima upande hadi toleo linalofuata, ambalo bei yake ni karibu mara mbili. Lile la majaribio, la bure, linakuachia kutumia karibu kila kitu na hata kuhifadhi kazi yako, ila kesho ukitaka kuifungua kazi hiyo uiendeleze, mlango umefungwa hadi ulipe. Kwa kujifunza, ni sawa. Kwa kutegemea, hapana.

Programu ambayo sisi tungeiweka mbele kwa mtu aliyekwisha kuvuka hatua ya Audacity ni Reaper. Mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yuleyule aliyeunda Winamp ambayo wengi waliitumia kusikilizia muziki katika kompyuta zao miaka ile. Leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, yaani shilingi laki moja na nusu hivi, na unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, bila kufungiwa kitu. Muhimu zaidi kwa kijana wa Benaco: faili yake ya kupakua ni ndogo mno ukilinganisha na nyingine zinazomeza bando la mwezi mzima, na inakubali kompyuta kuukuu ambazo programu za kifahari huzikataa mlangoni. Uso wake si wa kuvutia. Unafanana na ofisi ya mhasibu. Tena haiji na ghala la ngoma na vinanda vya kuchezea, kwa hiyo anayeishi kwa biti atapata tabu mwanzoni. Baada ya siku 60 inaendelea kufunguka, ikikukumbusha tu kulipa, lakini masharti yanasema ulipe, na mwenye kuitegemea na alipe. Malipo hufanywa kwa kadi ya benki au kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya huduma za fedha za simu.

Ardour inawafaa walioweka Linux katika kompyuta zao. Mwenye kompyuta ya Apple atakuta GarageBand bila kuilipia, na kwake mjadala huu unaweza kuishia hapo. Kwa mwenye simu tu, BandLab ni bure na inarekodi njia kadhaa, ila inategemea sana intaneti, na mwenye bando la kuhesabu ataihisi mfukoni.

ILE YA BURE INAYOUZWA SHILINGI ELFU TANO

Yupo mchuuzi, naye anajulikana katika kila mji, anayekuwekea programu ya dola mia kadhaa katika flashi kwa shilingi elfu tano. Programu hiyo imevunjwa kufuli. Wanaonunua husema kuwa kila mtu anafanya hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda nyimbo, na kuna jambo la kushangaza katika mtunzi anayeanza kazi yake kwa kuiba kazi ya mtunzi mwenzake, halafu analalamika wimbo wake unapouzwa katika flashi hiyohiyo.

Tuyaache maadili kwa muda, tuzungumze hasara. Karibu kila programu ya namna hii huja na agizo moja: zima kwanza kinga ya virusi. Hebu fikiria mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani usiku. Mwezi Juni 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitoa taarifa juu ya kirusi walichokiita LoudMiner. Kilikuwa kimefichwa ndani ya nakala za wizi za programu za muziki, na kazi yake ilikuwa kuitumia kompyuta ya mwanamuziki, usiku na mchana, kuwachimbia watu wengine fedha za mtandaoni. Watunga muziki hawakuchaguliwa kwa bahati mbaya. Kompyuta zao huwa na nguvu, na zikichemka au kulemewa, mwenyewe hashtuki. Hudhani ni wimbo wake mzito. Umeme ni wa baba, faida ni ya mtu asiyejulikana.

Madhara mengine ni ya kimya. Kompyuta inajifunga, inasafishwa na fundi, na kazi ya miezi sita inafutwa pamoja na kirusi. Haya tunayasema kwa wazazi hasa, maana kompyuta ya nyumbani aghalabu ndiyo hiyohiyo yenye picha za familia, barua za kazi na nywila za benki.

MASHINE, MAIKROFONI NA BATI

Kati ya kompyuta ya mezani na laptopu, kwa mahali ambapo umeme unakatika, nunua laptopu ambayo betri yake bado inashika chaji. Kabla ya kulipa, ichomoe katika umeme mbele ya muuzaji na uiache nusu saa. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kabisa kwa kuanzia. Hata 4 zitafanya kazi ukiwa na subira. Nafasi katika diski si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Sauti moja, iliyorekodiwa kwa ubora mzuri wa biti 24, hula megabaiti 8 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia nane utakula kama megabaiti 250, na flashi ya gigabaiti 32 itabeba nyimbo zaidi ya 100 za namna hiyo.

Jambo litakalomvunja moyo mwanafunzi siku ya kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Anaimba sasa, hedifoni zinamletea sauti yake baadaye kidogo, kama mtu anayejibiwa na mlima, naye anapoteza mwendo. Wengi hukata tamaa hapo na kuilaumu programu. Sababu ni kwamba kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 1,024 huleta ucheleweshaji wa takriban milisekunde 23 kwa kwenda tu; fungu la 256 huupunguza hadi 6 hivi, ambazo sikio la mwimbaji haliwezi kulalamikia. Mahali pa kubadilisha hesabu hiyo pamo katika mipangilio ya sauti ya programu. Katika Windows, programu ndogo ya bure iitwayo ASIO4ALL husaidia sana.

Kuhusu maikrofoni, madukani utapendekezewa ya aina ya kondensa, kwa kuwa ndiyo inayoonekana katika picha za studio. Kondensa husikia kila kitu: mwimbaji, jogoo wa jirani, na lori linaloshuka kuelekea Rusumo. Chumba kisicho na ukimya kinataka maikrofoni ya dainamiki, ile ya jukwaani, ambayo husikia kilicho karibu na mdomo na kuyaacha mengine. Pamoja nayo utahitaji kisanduku kidogo cha kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Visanduku vya bei nafuu vya Behringer na Focusrite vinatosha. Kabla ya kununua programu yoyote soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa sababu baadhi ya visanduku hivyo huja na leseni ya programu nyepesi ambayo umekwisha kuilipia bila kujua.

Na bati? Mvua za Kagera ni nyingi, za vuli na za masika, na bati likianza kupigwa hakuna programu duniani itakayokuondolea mlio wake. Rekodi asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika, au usiku malori yakipungua. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji na blanketi mbili nzito ukutani huondoa mwangwi wa chumba kitupu, na gharama yake ni usumbufu wa mtu mmoja kulala chini hadi kazi iishe. Kama tungekuwa na laki tatu za matumizi baada ya kompyuta kupatikana, karibu zote tungezipeleka kwenye maikrofoni, kisanduku na hedifoni, nasi tungeanza na programu ya bure.

Limebaki jambo moja ambalo wanaoanza hulipuuza. Programu hufa. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kuacha kuiendeleza Cakewalk, programu iliyokuwa imetumiwa na watu wengi kwa miaka mingi, na hadi BandLab ilipoinunua Februari 2018 watu hao walikaa wakijiuliza nani ataweza kuyafungua mafaili yao siku za mbele. Kwa hiyo wimbo ukikamilika, usiuache katika faili ya programu peke yake. Toa kila njia peke yake kama WAV, zote zikianzia mahali pamoja, ziweke katika flashi mbili, na flashi moja ilale nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa mwalimu wa kwaya. Pamoja nayo weka karatasi yenye majina ya walioimba na waliopiga, aliyetunga maneno, tarehe na mahali, na wote watie saini. Hiyo ndiyo utakayoulizwa siku utakapokwenda kuusajili wimbo huo katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.